Sakafu Iliyokuwa Paa: Historia ya Neno na Istilahi za Sakafu ya Mbao

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri huyapita bila kuyatazama mara ya pili ni neno 'sakafu'. Kila mwenye nyumba analijua, na hakuna anayelitilia shaka. Hata hivyo, mfasiri huyo huyo akikabidhiwa mkataba wa kujenga nyumba za watumishi, au kitabu cha mafunzo ya useremala, au maelezo yanayofuatana na mbao za kutandikwa sebuleni, huona mara moja kwamba neno hilo peke yake halimfikishi mbali. Mbao hizo zinalala juu ya nini? Zinashikana kwa njia gani? Ni mbao za namna gani? Na kazi yenyewe, je, ni kuweka sakafu, kupiga sakafu, kutandika au kupigilia?

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya neno hili na ya kitu chenyewe, kwa kuwa tunaamini ya kwamba istilahi iliyo njema hujengwa juu ya msingi uliokwisha kuwekwa na wasemaji na mafundi. Baada ya hapo tutatoa mapendekezo machache juu ya istilahi za sakafu ya mbao, ambayo siku hizi inazidi kuingia katika nyumba za watu, na inaingia pamoja na maneno mengi yasiyo na mpangilio.

Neno lililoshuka

'Sakafu' ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo 'saqf' ni paa, yaani kile kinachomfunika mtu kwa juu. Wasomaji wa Kurani watakumbuka kwamba katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 32, neno hilo limetumika kwa mbingu. Mfasiri ambaye angeliandika 'sakafu' mahali hapo, kwa kufuata sauti ya neno badala ya maana yake, angeligeuza mbingu juu chini. Mahali pa kukanyaga, Waarabu hupaita kwa neno linalotokana na shina lile lile lililotupatia sisi 'ardhi'. Basi maneno yote mawili yalifika pwani yetu. 'Ardhi' tukaipa mashamba na nchi. Paa tukalitia chini ya nyayo.

Jambo hili huweza kudhaniwa kuwa ni kosa la masikio. Sivyo. Ukiitazama nyumba ya mawe ya pwani, kama zile za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, utaona kwamba wasemaji walikuwa na hoja. Kuta za nyumba hiyo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, zikipangwa kwa karibu. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe hayo humwagwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na kokoto. Mchanganyiko huo haukuachwa ukauke wenyewe. Ulipigwa kwa siku nyingi, watu wakiwa wamejipanga safu na kila mmoja ana kipande mkononi, yaani kigogo kidogo cha kushindilia, huku wakiimba ili mapigo yao yaende pamoja. Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa 'kupigilia sakafu'.

Tabaka hilo gumu likiwa katika kilele cha nyumba ni paa. Likiwa kati ya ghorofa mbili, aliye chini analiona kuwa ni dari na aliye juu analikanyaga. Kitu ni kimoja, kimetengenezwa na fundi yule yule kwa vifaa vile vile, nacho kina nyuso mbili. Wasemaji walilipa jina tabaka lenyewe, bila kujali ni upande gani unaotazamwa. Ndiyo maana makamusi ya zamani, likiwamo lile la Johnson la mwaka 1939, yanalitambua neno hili kwa maana zote mbili.

Tunaona sababu mbili zilizolifanya neno lipoteze maana yake ya juu na kubaki na ile ya chini. Sababu ya kwanza ni mvua. Paa bapa linafaa katika nchi kavu, lakini mvua za masika za Unguja si za kuchezewa, na mapaa mengi ya namna hiyo yalivuja. Wenye nyumba wakaezeka mabati juu yake. Tangu siku hiyo jina la 'paa' likawa la mabati, na ile sakafu ya juu, ambayo sasa ilikuwa imefunikwa, ikabaki kuwa mahali pa kuwekea vitu na kutembea. Sababu ya pili ni saruji. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji ilipopatikana kwa wingi, hata nyumba isiyo na ghorofa wala boriti iliweza kuwa na tabaka gumu juu ya udongo. Neno 'sakafu' likashuka ngazi, likatua ardhini, na huko ndiko wengi wetu tulikolikuta.

Yafaa tukumbuke pia kwamba kabla ya hapo, nyumba ya udongo na makuti haikuhitaji nomino kwa mahali pale. Watu walikaa chini, walilala chini, walifagia chini. 'Chini' lilitosha. Nomino ilihitajika pale tu mahali pa kukanyaga palipokuwa kitu kilichotengenezwa na fundi, kinachoweza kununuliwa, kupimwa, kubomoka na kudaiwa fidia. Hili ni jambo la kuzingatiwa na wote wanaounda istilahi: neno hufuata kazi.

Hazina ya boriti

Jengo hilo la pwani limetuachia msamiati ambao hatuna budi kuutunza. Wakataji wa mikoko wa Lamu hawakusema 'nguzo ndogo' na 'nguzo kubwa'. Walikuwa na jina kwa kila unene. Kuanzia nyembamba kwenda nene, walitaja fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Boriti, kwa mpango huo, ni daraja maalumu lenye unene wa sentimita 12 hadi 14 hivi, linaloweza kuubeba uzito wa sakafu. Aidha, urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Vyumba vingi vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa chini ya mita 3, kwa sababu hapo ndipo boriti ilipofikia uwezo wake. Mkoko uliompa mwenyeji makazi ndio uliompimia ukubwa wa sebule yake.

Boriti hizo zilisafirishwa pia kwa majahazi mpaka Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba. Biashara hiyo ilidumu kwa karne nyingi, na nchini Kenya usafirishaji wa nguzo za mikoko kwenda nje ulipigwa marufuku mwaka 1982. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Maana yake ni kwamba hati za ukarabati wa nyumba hizo hazitakwisha, na fundi atakayepokea maagizo yaliyofasiriwa vibaya ataharibu jengo ambalo haliwezi kujengwa tena. Maagizo yakisema 'mti' palipotakiwa 'boriti', au 'zege' palipotakiwa 'sakafu ya chokaa', fundi ataleta saruji. Nayo saruji, kwa kuwa ni ngumu na hairuhusu unyevu kupumua kama chokaa, hudhuru ukuta wa matumbawe.

Mbao zilianza baharini

Wengine husema kwamba sakafu ya mbao ni jambo la kigeni, na kwa hiyo istilahi zake hazina budi kuwa za kigeni. Kauli hii haikubaliki. Mwambao ulikuwa na sakafu ya mbao tangu kale, ila ilikuwa juu ya maji. Jina lake ni 'sitaha'. Neno hili nalo limetokana na neno la Kiarabu 'sath', lenye maana ya uso wa juu wa kitu au paa la nyumba. Kwa mara ya pili tunaona paa likigeuka mahali pa kukanyaga. Chini ya sitaha mna mataruma yanayoimarisha chombo, na kati ya ubao na ubao hutiwa kalafati ili maji yasipenye. Mtepe, chombo cha kale cha mwambao, ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja.

Kwa nini basi ufundi huo haukupanda nchi kavu na kuingia sebuleni? Sababu zake ni rahisi. Kwanza, mchwa, ubao uliolazwa karibu na udongo ni chakula chao. Pili, joto, katika nchi za baridi ubao hupendwa kwa kuwa hauuchomi unyayo kwa ubaridi, lakini mtu wa pwani hutaka kinyume chake, yaani ubaridi wa chokaa mchana wa jua kali. Tatu, thamani, miti iliyo bora ilihitajika kwa vyombo vya baharini, kwa samani na kwa milango ya nakshi.

Zana za kazi, lakini, zilikuwapo zote, na majina yake ni historia kwa yenyewe. 'Msumari' tumeupata kwa Waarabu, 'randa' kwa Waajemi, na 'parafujo' kwa Wareno. 'Msasa' ni wetu wenyewe: ni jina la mti wa jamii ya mkuyu ambao majani yake yamekwaruza kiasi cha kutumiwa kulainishia mbao na vyombo vya mti. Karatasi yenye mchanga ilipoletwa madukani, hakuna aliyehitaji kuitisha kikao cha kuipa jina. Ilifanya kazi ya jani, ikarithi jina la jani.

Mbao zinavyotandikwa, na neno lililoingia kwa mlango mwingine

Huko Ulaya sakafu ya mbao ilikuwa ya kawaida kwa karne nyingi. Jambo moja la historia yake linafaa kutajwa. Katika kasri la Versailles, nchini Ufaransa, sakafu za marumaru zilihitaji kuoshwa mara kwa mara, na maji yaliyopenya yaliozesha boriti zilizokuwa chini yake. Mwaka 1684 zikaanza kubadilishwa kwa vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa mpango wa miraba. Mtindo huo ukaenea, na jina lake la Kifaransa, 'parquet', likaenea pamoja nao. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashine zikaanza kuchonga kingo za mbao, upande mmoja ukiwa na ulimi na upande wa pili ukiwa na mfuo wa kuupokea ulimi huo. Tangu hapo mbao ziliweza kushikana bila kuonyesha msumari juu, na kazi iliyokuwa ya makasri ikaweza kufanywa katika nyumba ya mtu wa kawaida.

Katika Afrika ya Mashariki, sakafu za namna hii ziliingia hasa katika majengo ya wakati wa ukoloni. Miti ya kufaa ilikuwapo: mninga, mvule, mkangazi, mbambakofi na mpangapanga. Msaji nao uliletwa kutoka Asia. Wajerumani waliupanda katika Tanganyika mwaka 1898, Dar es Salaam na Mhoro katika Rufiji, na baadaye yakafuata mashamba makubwa kama Longuza na Mtibwa.

Baadhi ya wafanyabiashara sasa huziita sakafu za vipande vya mbao 'parke'. Tunashauri neno hili lisisanifishwe. Neno la Kifaransa lilikuwa na maana ya kiwanja kidogo kilichozungushiwa, na kwa njia hiyo likaingia mahakamani, likawa jina la ofisi ya waendesha mashtaka. Kwa maana hiyo ndivyo linavyojulikana na wasemaji wa Kiswahili wa Kongo na Burundi. Mtu wa Bukavu au Bujumbura akiambiwa kwamba jirani yake 'amepelekewa parke', hatafikiria mbao hata kidogo. Atauliza jirani ametenda kosa gani. Lugha inayotumiwa na nchi nyingi haina budi kuyaepuka maneno yanayogongana namna hii, hasa pale ambapo lugha yenyewe ina njia ya kusema. 'Sakafu ya vipande vya mbao' ni refu kidogo, lakini halimtii mtu hofu.

Ugumu wa neno 'ngumu'

Sasa tuingie katika tatizo kubwa kuliko yote, ambalo limekwisha kuwapotosha wafasiri wengi wa mikataba. Lugha ya Kiingereza hugawa mbao katika mafungu mawili ambayo tukiyafasiri neno kwa neno tunapata 'mbao ngumu' na 'mbao laini'. Fundi wa Kiswahili akisikia 'mbao ngumu' anaelewa mbao zinazoukataa msumari. Lakini mgawanyo wa Kiingereza ni wa elimu ya mimea. Fungu la kwanza ni la miti ya majani mapana, inayotoa maua. La pili ni la miti ya jamii ya msonobari na mwerezi. Balsa, ambao ni mti mwepesi kiasi cha kutumiwa kuundia ndege za kuchezea, umo katika fungu la kwanza. Hivyo muuzaji aliyetakiwa na hati kuleta 'mbao ngumu' anaweza, kwa mujibu wa elimu ya mimea, kuleta mbao laini kabisa, na akashinda kesi.

Ugumu wenyewe hupimwa kwa njia nyingine. Mwaka 1906 Gabriel Janka, mtafiti wa misitu kutoka Austria, alieleza jaribio ambalo lingali linatumika: gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hukandamizwa ndani ya ubao mpaka nusu yake izame, na nguvu iliyotumika ndiyo kipimo. Kwa sakafu, ambayo hukanyagwa kwa viatu na kukokotewa viti, kipimo hiki kina maana kuliko jamii ya mti.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Pale ambapo matini inazungumzia jamii ya mti, iandikwe 'mbao za miti ya majani mapana'. Pale inapozungumzia uwezo wa kustahimili, iandikwe 'mbao ngumu', na hapo kipimo kitajwe. Katika mkataba, jina la mti wenyewe litajwe siku zote: mninga uitwe mninga. Na kwa kuwa jina la mti hubadilika kutoka mkoa hadi mkoa, jina la kisayansi lifuate palipo na shaka.

Istilahi za kazi

Kazi ya kutandika sakafu ya mbao nyumbani ina hatua zake, na kila hatua yahitaji neno. Ubao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa. Ukinyonya huvimba, ukitoa husinyaa, na mabadiliko hayo hutokea katika upana wake zaidi kuliko urefu. Kwa sababu hiyo mbao huwekwa kwanza ndani ya chumba husika kwa siku kadhaa. Hatua hii tunapendekeza iitwe 'kuzoesha mbao', ili itofautishwe na 'kukausha mbao', ambayo hufanyika kiwandani au katika ghala.

Mbao zinazobeba sakafu ziendelee kuitwa 'boriti', hata kama si za mikoko. Na vile vipande vyembamba vinavyofungwa juu ya zege ili mbao zipate pa kushikia viitwe 'papi', neno ambalo maseremala wanalitumia kila siku katika kazi ya kuezeka. Kwa viungo vya kingo tunapendekeza 'ulimi' na 'mfuo'. Uwazi unaoachwa kuzunguka kuta, kiasi cha milimita 10 hadi 15, uitwe 'nafasi ya mtanuko'. Fundi asiyeiacha ataona mbao zikivimba msimu wa mvua, zikikosa pa kwenda, na kubenuka katikati ya chumba. Ubao unaofunika nafasi hiyo uitwe 'ubao wa ukingo'. Kulainisha ni 'kupiga msasa', kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mti, na kumalizia ni 'kupaka vanishi'.

Na kitenzi cha kazi nzima? Kiswahili kinacho kitenzi 'kusakifu', nacho chafaa kurudishwa kwa maana ya jumla ya kuipa nyumba sakafu ya namna yoyote. Kwa mbao zinazofungwa kwa misumari, tunacho 'kupigilia', kile kile kilichotumiwa na wale walioimba juu ya mapaa ya chokaa. Kwa mbao zinazoshikana zenyewe bila msumari, 'kutandika' kunatosha.

Sura ya mbao

Limebaki jambo moja ambalo linagusa mfuko wa mwananchi. Mwaka 1977 kampuni ya Perstorp ya Sweden ilibuni sakafu ambayo juu yake ni picha ya mbao iliyochapwa katika karatasi na kufunikwa kwa tabaka gumu linalopitisha mwanga, na ndani yake ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa. Ni bidhaa halali, na ina manufaa yake. Lakini haiwezi kupigwa randa wala msasa ikachakaa na kufanywa upya kama ubao, na maji yakiiingia huvimba isirudi. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba ni 'sakafu ya mbao' hakuambiwa kweli.

Tunapendekeza mafungu matatu yatajwe waziwazi katika hati, vitabu vya shule za ufundi na alama za madukani. 'Sakafu ya mbao nzima' iwe ile ambayo ubao wake ni mti mmoja kutoka juu hadi chini. 'Sakafu ya mbao za matabaka' iwe ile yenye tabaka la juu la mti halisi, likigandishwa juu ya matabaka mengine yaliyopishana. 'Sakafu ya sura ya mbao' iwe ile ambayo mbao yake ni picha tu.

Mapendekezo haya si hukumu. Uamuzi wa kusanifisha ni wa Baraza, na neno la mwisho ni la wasemaji, ambao waliwahi kulichukua paa la wenzao wakaligeuza mahali pa kutandika mkeka, na lugha haikuanguka. Tunaloliomba kwa walimu na watumishi wa serikali ni kwamba, kabla ya kubuni neno jipya la kazi ya mikono, waende kwanza karakana na kumwuliza fundi anakiitaje kile alichokishika.